MWENYE DAMU NI NANI?

Neno kisasi tumelipata kwa Waarabu pamoja na elimu ya dini, lakini lilipovuka bahari lilibadili tabia. Katika vitabu vya sheria ya Kiislamu, kisasi ni usawa: mkosaji atendewe kadiri ya alivyotenda, isizidi hata chembe, tena baada ya ushahidi na hukumu. Katika Kiswahili cha mitaani, kisasi ni hasira. Mtu hulipiza kisasi kwa kumvizia mwenziwe gizani, na akimpata humwongezea na ya juu. Maana hizi mbili zakaa ndani ya neno moja kama watoto wa mama mbalimbali, na tunapojadiliana juu ya adhabu ya kifo ndipo zinapogombana.

Mjadala huo haujaisha hapa kwetu Kenya. Kanuni ya Adhabu ingali yataja kunyongwa, majaji wangali waitamka hukumu hiyo, na magerezani wamo watu walioambiwa kwamba watanyongwa. Hata hivyo, tangu mwaka wa 1987 hapana mtu aliyenyongwa nchini kwa amri ya mahakama. Kitanzi kipo, na wa kukikaza hayupo. Na kila mara suala hili linapozuka, wako ndugu zetu Waislamu wa pwani wasemao kwamba wao hawawezi kulipinga, kwa kuwa limo katika Kitabu.

Makala haya hayakusudii kutoa fatwa. Hiyo ni kazi ya wanavyuoni. Yataka kuuliza swali moja tu ambalo mjadala wetu hulipita kando: mtu anapouawa, mwenye damu ni nani? Jawabu la swali hilo ndilo litakalotuonyesha kama kitanzi cha Kamiti na kisasi cha Kitabu ni kitu kimoja, au ni vitu viwili vilivyofanana majina.

Milango mitatu

Aya ya 178 ya Sura ya Al-Baqara yawaandikia waumini kisasi katika waliouawa. Wengi wetu twaikumbuka hadi hapo, kisha twanyamaza. Lakini aya haijanyamaza. Papo hapo yamtaja muuaji aliyesamehewa kitu na nduguye, yaamuru malipo yafuatiliwe kwa wema, na yauita msamaha huo kuwa ni tahafifu na rehema kutoka kwa Mola. Tazama neno lililotumika: ndugu. Mwenye kufiwa na mwenye kuua, damu ikiwa haijakauka baina yao, wangali wamefungwa kwa neno hilo.

Katika Sura ya Al-Israa, aya ya 33, walii wa mtu aliyeuawa kwa dhuluma amepewa mamlaka, na hapo hapo ameonywa asipite mpaka katika kuua. Mamlaka hayo hakupewa mfalme, wala jeshi, wala umma uliokusanyika kushangilia. Amepewa walii. Kazi ya mtawala na kadhi wake ni kuchunguza, kusikiza mashahidi, na kuhakikisha kwamba hapana anayejichukulia sheria mkononi. Baada ya hapo, funguo ziko kwa wafiwa.

Mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi walilifafanua jambo hili kwa makini makubwa. Minhaj ya Imam Nawawi, ambayo makadhi wa pwani hii wameisoma na kuitegemea kwa vizazi vingi, yaonyesha kwamba wafiwa wana milango mitatu: kutaka kisasi, kupokea dia, au kusamehe bila ya malipo. Dia ya asili ni ngamia 100, mali ambayo si ya mchezo. Haki hiyo ni ya warithi wote, wanaume na wanawake. Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: akisamehe mrithi mmoja tu, kisasi kimeanguka kwa wote. Ndugu kumi wakali wakiwa wamekaa upande mmoja wakitaka damu, na mjane mmoja upande wa pili akasema kwamba amesamehe, basi muuaji hauawi. Waliobaki watapata fungu lao la dia.

Na kama marehemu ameacha mtoto mchanga? Hungojewa. Muuaji huwekwa kifungoni mpaka mtoto abaleghe, aulizwe yeye mwenyewe, kwa kuwa hapana mwenye haki ya kuitoa kauli yake kwa niaba yake. Sheria iliyo tayari kungoja miaka kumi na mitano ili kusikia neno la yatima mmoja, hiyo haina haraka ya kuua.

Juu ya haya yote umewekwa msingi kwamba adhabu kubwa huondolewa na shaka. Penye shaka katika ushahidi, kisasi hakipiti.

Kamba ya watawala

Sasa tutazame kamba iliyofika pwani hii kwa njia nyingine.

Mwaka wa 1589 merikebu za Wareno zilikuja kutoka Goa, zikiongozwa na Tomé de Sousa Coutinho, kuiadhibu miji iliyompokea Mturuki Mir Ali Bey. Mombasa iliangamizwa. Mfalme wa Lamu alikamatwa, akakatwa kichwa huko Pate. Miaka minne baadaye Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu, na funzo walilolitoa Pate lilikuwa limekwisha kueleweka visiwani kote.

Miaka 300 baadaye wakaja Wajerumani upande wa Mrima. Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyeongoza vita vya kuwapinga tangu mwaka wa 1888, alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba, 1889. Habari za vita hivyo alizitunga Hemedi bin Abdallah al-Buhriy katika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, na kwa kalamu yake twajua jinsi watu wa pwani wenyewe walivyoyaona mambo hayo. Mwaka wa 1895 ikafika zamu ya Kilwa. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa pamoja na wenziwe katika mwembe, na hadi leo mahali hapo Kilwa Kivinje paitwa Mwembe Kinyonga. Miaka imepita mingi, lakini jina limebaki. Na huko Songea, tarehe 27 Februari, 1906, wakuu wa Wangoni walinyongwa kwa kushiriki vita vya Maji Maji, na siku hiyo hukumbukwa kila mwaka.

Katika visa hivi vyote mshtaki alikuwa mtawala, hakimu alikuwa mtawala, na mnyongaji alikuwa mtumishi wa mtawala. Hapana mjane aliyeulizwa, wala yatima aliyengojewa. Kamba ilitumika kuwaambia waliobaki hai nani mwenye nchi. Nasi tulioisoma historia hii hatuna budi kuitofautisha na kisasi cha Sura ya Al-Baqara, hata kama mwisho wake, yaani maiti, ni mmoja.

Sheria ya Kiingereza

Waingereza walipoishika nchi hii mwaka wa 1895 walileta kitu kilichokuwa kipya kwa watu wa pwani, nacho ni fikira kwamba kosa la kuua ni kosa dhidi ya dola. Kwanza walitumia sheria ya jinai iliyotungwa kwa ajili ya Bara Hindi. Kisha mwaka wa 1930 ikaja Kanuni ya Adhabu ambayo ndiyo mzazi wa hii tuliyo nayo. Kadhi akaachiwa ndoa, talaka na mirathi. Damu ikahamia kwa mfalme aliyeko London.

Tazama faili ya kesi yoyote ya mauaji. Zamani iliandikwa kwamba ni Mfalme au Malkia dhidi ya fulani. Leo ni Jamhuri dhidi ya fulani. Jina la aliyeuawa halimo katika anwani ya kesi ya kifo chake. Mjane wake akiitwa ni shahidi tu, sawa na daktari aliyeipima maiti na askari aliyeichora ramani ya mahali. Akiisha kusema anayoyajua, huambiwa ashuke kizimbani. Hukumu itakayotolewa si yake, na msamaha, kama utatolewa, si wake pia.

Yafaa tukumbuke kwamba sheria hiyo kwao yenyewe ilikuwa na historia ndefu ya damu. Mnamo mwaka wa 1800 Uingereza ilikuwa na makosa zaidi ya 200 ambayo adhabu yake ni kifo, na miongoni mwake kulikuwa na kuiba bidhaa dukani. Wakaipunguza kidogo kidogo. Mwaka wa 1964 walinyonga watu wa mwisho. Mwaka wa 1965 walisimamisha adhabu ya kifo kwa kosa la kuua, na mwaka wa 1998 wakaifuta kabisa katika makosa yote yaliyobaki. Aliyetuletea vazi hili amekwisha kulivua, nasi tungali twalivaa.

Kabla ya kuondoka, Waingereza walilitumia hapa kwa wingi usio na kifani. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, watu 1,090 walinyongwa kwa mujibu wa hesabu ya mwanahistoria David Anderson. Wengi wao hawakunyongwa kwa kuua. Kupatikana na risasi, kulisha kiapo, au kuandamana na wenye silaha, kila moja lilitosha. Dedan Kimathi mwenyewe alihukumiwa Nyeri kwa kosa la kuwa na bastola, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari, 1957. Jamaa zake hawakupewa maiti. Kwa Mwislamu jambo hili la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana, maana hata aliyeuawa kwa kisasi ana haki ya kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa na kuzikwa na wenziwe. Akiisha kulipa, deni lake la duniani limekwisha.

Mwizi na muuaji katika mizani moja

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963 kamba haikuondolewa, iliongezewa kazi. Katika miaka ya 1970 Bunge liliufanya wizi wa mabavu kuwa kosa la kifo. Ujambazi ulikuwa umezidi na watu walikuwa na hofu. Hilo halina ubishi. Lakini hebu tusome maneno ya sheria yenyewe. Kwa kifungu cha 296(2), mnyang'anyi ahukumiwa kifo ikiwa alikuwa na silaha ya hatari, au alikuwa pamoja na mwenziwe mmoja au zaidi, au alimpiga au kumjeruhi mtu. Lolote moja katika hayo latosha. Vijana wawili wasio na kitu mkononi, wakimtisha mpita njia na kumpokonya saa, wameingia katika mstari mmoja na aliyeua.

Anayesema kwamba kamba hii ni sheria ya dini na alinganishe. Sura ya Al-Maida, aya ya 33, yataja adhabu za wanaokata njia na kufanya uharibifu katika nchi, na ni adhabu kali kweli kweli. Lakini mafakihi wa Shafi walizipanga kwa ngazi. Aliyeua katika unyang'anyi wake, huuawa, na hapo hata msamaha wa wafiwa haumwokoi. Aliyechukua mali bila ya kuua, hauawi. Ana adhabu nyingine. Aliyetisha watu tu, hufungwa au hufukuzwa mji. Na anayetubu kabla ya kukamatwa, aya inayofuata yamfungulia mlango. Yaani hata katika sura ya ukali, roho haitolewi pale ambapo roho haikutolewa. Kanuni yetu ya Adhabu, katika jambo hili, ni kali kuliko fikihi ambayo wengi huiona kuwa ndiyo kali.

Kamba isiyokazwa

Baada ya jaribio la kuipindua serikali la tarehe 1 Agosti, 1982, Hezekiah Ochuka na wenziwe walihukumiwa kwa uhaini, wakanyongwa Kamiti mwaka wa 1987. Hao ndio wa mwisho. Tangu hapo hukumu ziliendelea kutolewa bila kutekelezwa, na watu wakajaa katika vyumba vya wanaongoja kifo.

Ndipo ikaanza desturi ya misamaha ya mkupuo. Mwaka wa 2009 Rais Mwai Kibaki aliwabadilishia adhabu watu zaidi ya 4,000 kutoka kifo hadi kifungo cha maisha, akieleza kwamba kukaa muda mrefu mtu akingoja kunyongwa ni mateso ya roho. Oktoba 2016 Rais Uhuru Kenyatta aliwabadilishia wengine 2,747. Mwaka wa 2023 Rais William Ruto akafanya vivyo hivyo. Kila baada ya muda pipa hujaa, humwagwa, kisha hurudishwa chini ya mfereji ule ule.

Mahakama nazo zilianza kusema, na sauti ya kwanza ilitoka hapa hapa Mombasa. Tarehe 30 Julai, 2010, Mahakama ya Rufani ikikaa katika mji huu iliamua, katika kesi ijulikanayo kama ya Mutiso, kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila muuaji, bila ya kupima hali ya kosa na ya mkosaji, ni kinyume cha Katiba. Mwaka wa 2013 majaji wengine wa Mahakama hiyo hiyo ya Rufani, wakikaa Nairobi, walisema wenzao wa Mombasa walikosea. Suala likapanda hadi Mahakama ya Juu, nayo tarehe 14 Desemba, 2017, katika kesi ya Muruatetu, ikakubaliana na fikira iliyotoka Mombasa: kifo si marufuku, lakini jaji asilazimishwe, na amsikize kwanza mshtakiwa.

Julai 2021 Mahakama ya Juu ilifafanua kwamba uamuzi huo ulihusu kosa la kuua peke yake. Matokeo yake ni ya ajabu. Aliyeua aweza kusimama mbele ya jaji akaeleza umri wake, umaskini wake, au namna alivyochokozwa, na jaji ana ruhusa ya kumpunguzia. Aliyepokonya saa kwa mabavu pasipo kuua, yeye hukumu hiyo haimgusi. Angoje kesi yake.

Ngamia mbele ya Mahakama Kuu

Katika misamaha yote hiyo ya marais, aliyefiwa alikuwa wapi? Kifungu cha 133 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinasema kwamba kamati inayomshauri Rais juu ya huruma yaweza kuyazingatia maoni ya walioathiriwa na kosa. Yaweza, haikuambiwa ni lazima. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya mwaka wa 2014 iliwapa nafasi ya kusikizwa mahakamani, na hilo ni jema. Lakini kusikizwa ni jambo moja, na kushika funguo ni jambo jingine.

Mara moja funguo zilionekana kurudi kwa wenyewe. Mwaka wa 2013, katika Mahakama Kuu ya Nairobi, jamaa ya mtu aliyeuawa huko Eastleigh waliandika kwamba wamesuluhiana na jamaa ya mshtakiwa kwa desturi zao na sheria ya Kiislamu. Walikwisha kupokea ngamia, mbuzi na vitu vingine. Hawakutaka kesi iendelee. Upande wa mashtaka ukaomba kuiondoa, na jaji akakubali, akikumbuka kwamba kifungu cha 159 cha Katiba chahimiza njia za jadi za kumaliza ugomvi. Wanasheria wengi walishtuka, na majaji wengine baadaye walikataa kuifuata njia hiyo katika kesi za mauaji.

Walioshtuka hawakuwa wajinga. Waliuliza: tajiri akiua, je, atalipa na kwenda zake, na maskini aozee jela? Je, wafiwa walisamehe kweli, au walitishwa? Haya si maswali ya kudharau. Pakistan iliingiza kisasi na dia katika sheria yake mwaka wa 1990, na ukaonekana uovu ambao mafakihi hawakuukusudia: kaka amwua dada yake kwa kisingizio cha heshima ya nyumba, kisha baba, ambaye ndiye mrithi wa binti na mzazi wa muuaji, amsamehe. Mwaka wa 2016, baada ya kilio kikubwa, Bunge la huko liliubana mlango huo ili muuaji wa namna hiyo asipone kifungo kirefu hata akisamehewa.

Kwa hiyo, mwenye kutaka haki ya wafiwa irudi hana budi kukubali kwamba dola nayo ina sehemu yake. Mafakihi wenyewe walimwachia mtawala nafasi ya kumtia adabu muuaji aliyesamehewa, kwa ajili ya usalama wa umma. Mfiwa aweza kuiokoa roho ya muuaji. Si lazima amwokoe na kifungo. Mpango wa namna hiyo hauhitaji ngamia, wala mtu kubadili dini. Wahitaji tu sheria iseme kwamba neno la mjane na yatima lina uzito katika hukumu, na hasa pale wanaposema kwamba hawataki damu.

Wasemao kwamba imo katika Kitabu

Turudi kwa ndugu zetu wa mwanzo. Kusema kwamba kisasi kimo katika Kitabu ni kusema kweli. Lakini kilichomo ni kisasi chenye milango mitatu, chenye walii mwenye mamlaka, chenye shaka inayozuia, na chenye sifa ya rehema kwa anayesamehe. Ukiing'oa milango miwili, ukamwondoa walii, ukaweka mahali pake serikali isiyofiwa, kilichobaki huwezi tena kukiita kwa jina lile. Anayeitetea kamba ya Kamiti na aitetee kwa hoja za nchi na usalama wake, na hizo zijibiwe kwa hoja kama hizo. Asiivishe kilemba cha dini.

Wako Waislamu wengine waliokwisha kuliamua suala hili kwa namna yao. Jibuti, jirani zetu wa upande wa Bahari ya Shamu, waliifuta adhabu ya kifo mwaka wa 1995. Senegal waliifuta mwaka wa 2004. Katika nchi zote mbili walio wengi ni Waislamu, na misikiti yao haijapungua safu. Wako pia Waislamu wa nchi nyingine wanaoitekeleza hadi leo. Jambo hili basi lina nafasi ya rai na ijtihadi, na mtu asimtoe mwenziwe katika dini kwa sababu yake.

Linaloumiza zaidi kwetu ni hali ya kutoamua. Mtu ahukumiwa kifo ambacho kila mmoja mahakamani, kuanzia jaji hadi tarishi, ajua hakitakuja. Arudishwa chumbani, asiwe hai wala maiti. Nyumbani kwa aliyeuawa, mama aambiwa kwamba haki imetendeka, naye haoni kitu: hapana kisasi, hapana dia, na hapana aliyemwendea kumwomba msamaha ili apate thawabu ya kuutoa. Miaka kumi baadaye asikia katika redio kwamba Rais amesamehe. Amesamehe nini, naye hakufiwa?

Wabunge wetu wa pwani wana la kusema hapa kuliko wengi, kwa kuwa wao huwakilisha watu ambao katika mila na dini yao damu ina mwenyewe. Na waanze kwa lililo jepesi: kuitoa roho katika adhabu ya mtu ambaye hakutoa roho. Kisha waje kwa zito, yaani kuiondoa kamba katika vitabu, na kumpa mfiwa kiti barazani. Nami kwa desturi yetu namaliza kwa ubeti mmoja:

Kamba ingali darini, haijakatwa kutupwa,
Mfungwa yu gerezani, maji hujaa na kupwa,
Na mwenye damu nyumbani, deni lake hajalipwa,
Enyi mulo barazani, haki ni ya kuogopwa.